Mpira Ndani ya Mbeleko

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na kijana anaitwa Asukulu. Alikuwa mtoto wa Kibembe, asili yake Fizi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, lakini alikulia Marekani, kwenye mji wa baridi uliozungukwa na mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Kazi yake ilikuwa kukimbia. Sogeeni, wenye watoto walazeni mapajani, niwaambie alivyokimbia. Mwishoni mtanisaidia, maana mimi jambo lenyewe limenishinda.

Kwanza muujue mchezo wao. Wamarekani wana mpira ambao hauchezwi kwa mguu. Umechongoka pande mbili kama papai changa. Watu kumi na mmoja wako huku, kumi na mmoja wako kule, wote wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia. Yupo mmoja anayepewa mpira aukumbatie, akimbie nao mpaka mstari wa mwisho wa upande wa pili. Huyo ndiye mkimbiaji. Wale kumi na mmoja wa upande wa pili wana nia moja tu, kumwangusha. Wakimwangusha anainuka, anapewa tena. Anabeba, anakimbia, anaangushwa, anainuka. Hayo ndiyo maisha yake kwa miaka minne ya chuo, na miaka minne ikiisha, basi.

Chuo cha Asukulu kilikuwa na desturi. Siku ya mechi ya mwisho ya nyumbani, wachezaji wanaomaliza huitwa mmoja mmoja kwa majina mbele ya watu elfu ishirini. Kila mmoja hutokea kwenye handaki lililo chini ya jukwaa, mkono mmoja ameshika mpira, mkono wa pili amemshika mtu wake. Wanatembea pamoja mpaka katikati ya uwanja, mchezaji anaulaza mpira kwenye nyasi, na watu wote wanasimama. Hawasimami kwa ajili ya mchezaji. Wanasimama kwa ajili ya yule mtu aliyeshikwa mkono, kwa sababu ndiye aliyemfikisha.

Mtu mmoja tu. Zamani waliruhusu wengi, mpaka mwaka mmoja kijana fulani akatoka na shangazi kumi na wanne na mbwa wawili, mechi ikachelewa saa nzima. Tangu hapo ikaandikwa: mkono mmoja mpira, mkono mmoja mtu.

Asukulu alikuwa na mkono mmoja. Waliomfikisha walikuwa watatu.

Wa kwanza ni Apendeki, mama yake mdogo. Mama mzazi wa Asukulu alifariki wakati wa kukimbia vita, mtoto akiwa na miezi minne. Apendeki alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, hajaolewa, hajazaa. Akamchukua mtoto wa dada yake, akamfunga mgongoni kwa mbeleko, kitenge cha bluu chenye vifaranga vya njano, akavuka naye ziwa mpaka kambi ya wakimbizi Kigoma. Walikaa kambini miaka kumi. Walipopelekwa Marekani, mbeleko nayo ilikunjwa ikaenda.

Huko Apendeki alipata kazi kwenye kiwanda cha kuku. Anakata mabawa kutwa, kwenye chumba cha baridi, hata akiamka asubuhi vidole havikunjiki. Asukulu alikuwa akimkanda vidole kwa maji ya moto kabla hajaenda shule, kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikunjike. Ndipo anachukua begi lake anaondoka.

Kijana akakua, mbio zake zikaonekana, chuo kikamwita. Mechi yake ya kwanza ya nyumbani, Apendeki alivaa gauni lake zuri akaenda kutazama. Ila hakuna aliyemweleza mchezo. Hebu fikirini, wenzangu. Unaketi, unamwona mwanao anapewa kitu akishike, na hapohapo wanaume watano wanamrukia, wanamlalia juu.

Apendeki alivua kiatu.

Alishuka ngazi zote za jukwaa, akaruka ukuta mdogo, akaingia uwanjani na kiatu mkononi. "Mwachieni! Mwachieni mtoto wa dada yangu! Amewakosea nini?" Akamfikia wa kwanza akampiga begani, paa, paa. Kijana wa watu amevaa bega la bandia, hata hakusikia. Lakini alivua kofia, akainama, akasema, "Samahani, mama." Mimi namkumbuka sana kijana yule, ingawa hakuna ajuaye jina lake.

Walinzi walimtoa kwa upole. Hata hivyo sheria ni sheria, jina lake likaandikwa: huyu mama asiingie tena uwanjani. Tangu siku hiyo, kila mechi ya nyumbani Apendeki alikaa nje ndani ya gari, anasikiliza kelele.

Na siku ileile Asukulu alidondosha mpira mara tatu. Mpira ukidondoka, wapinzani wanauokota, unakuwa wao. Kocha akamwambia, "Kijana, miguu yako ni ya swala, lakini mikono yako ni kapu lililotoboka." Akamweka benchi.

Nyumbani Apendeki akamuuliza, "Hebu nionyeshe, unaushikaje?"

Akamwonyesha.

"Kwa vidole?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikwambia mtoto anashikwa kwa vidole? Mimi nilikuvusha ziwa, watu wanasukumana mle ndani, wengine wanakanyagana. Ulianguka?"

"Sikuanguka."

"Basi."

Akaitoa mbeleko, ile yenye vifaranga, akamfunga mpira kifuani. Wiki tatu Asukulu alikaa na mpira kama mtu mwenye mtoto mchanga. Anasonga ugali, mpira upo. Anasoma, mpira upo. Na Apendeki hakumpa raha. Akipita kufuata chumvi anampiga kikumbo. Akipita kufuata maji anamvuta shati. "Mtoto! Mtoto ataanguka!" Kijana anabana kiwiko ubavuni, anainamisha kidevu. Wiki tatu zilipoisha, Apendeki akafungua fundo.

"Sasa nenda," akasema. "Mwili umeshajifunza."

Kweli. Tangu siku hiyo Asukulu alibeba mpira zaidi ya mara mia sita, na haukudondoka hata mara moja. Alibeba, alikimbia, aliangushwa, aliinuka, na mpira alikuwa nao.

Mnaona? Huyo ni wa kwanza.

Wa pili ni Odell. Huyu alimtangulia Asukulu miaka miwili chuoni, na ndiye aliyekuwa mkimbiaji mkuu. Asukulu mwaka wake wa pili wote alikuwa amekaa kwenye benchi akimtazama Odell, kwa sababu kocha hakusahau ile mipira mitatu. Kila alipomwangalia Asukulu aliona kapu.

Kule, msimu ukiisha, kocha hupunguza watu. Akamwita Asukulu akamwambia, "Imebaki mechi moja. Sijakuona ukifanya kitu mwaka mzima. Mwakani nafasi yako nitampa mwingine." Na nafasi ikiondoka, masomo nayo yanaondoka, maana chuo kilimsomesha kwa ajili ya mpira. Asukulu alikuwa anasomea uuguzi. Alitaka kuja kuvishika vidole vya watu kama alivyovishika vya mama yake.

Mechi hiyo moja iliyobaki ilikuwa ndiyo siku ya Odell ya kuaga. Alitoka kwenye handaki amemshika mkono baba yake, mzee wa watu aliyekuwa ameendesha gari saa sita kuja. Watu wakasimama. Na Odell alikuwa amebakiza yadi thelathini na moja tu, yaani hatua kubwa thelathini na moja za kukimbia na mpira, atimize elfu moja kwa msimu. Hiyo elfu moja, kwa wakimbiaji wa kule, ukiifikisha jina lako linachorwa ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo, halifutwi. Yadi thelathini na moja kwa Odell ni kama mimi na wewe kwenda kuchota maji na kurudi.

Mechi ilipokaribia kuanza, Odell akashika paja, akakunja uso.

"Kocha, msuli umekaza. Siwezi."

"Leo? Odell, leo?"

"Siwezi, kocha. Mwingize Asukulu."

Akachechemea kwenda benchi. Alipompita Asukulu akamnong'oneza, "Mguu wangu mzima kabisa. Ukimwambia mtu nitakupiga. Kimbia."

"Kwa nini?"

"Nimekuona kwenye foleni ya chakula. Hujui kama unaangaliwa, umeukumbatia mpira kama mtoto mwenye homa. Kocha hajakuona, mimi nimekuona. Kimbia, bwana!"

Asukulu akabeba, akakimbia, akaangushwa, akainuka, mara ishirini na mbili. Akafika mstari wa mwisho mara mbili. Kocha akamkumbatia mbele ya watu, na habari ya kapu ikaishia hapo.

Baba yake Odell alikaa jukwaani mpaka mwisho na blanketi magotini, anasubiri mwanawe aingie. Hakuingia. Baadaye akamshika bega akamwambia, "Pole, mwanangu. Mguu ni mguu, hukuutuma ukuangushe." Odell akalikunja lile blanketi la baba yake. Angesema kweli, kocha angesikia, na nafasi ya Asukulu ingeingia maneno. Akasema moyoni, nitamwambia baba mambo yakitulia. Mwezi wa pili mzee akafariki.

Mnaona? Huyo ni wa pili.

Wa tatu ni Wendell. Huyu aliingia chuo mwaka mmoja na Asukulu. Mtoto wa mkulima, kilo mia na arobaini, mwenye aibu, akisalimiwa anatazama viatu. Hakuwa mkimbiaji. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya mkimbiaji na kuwasukuma watu pembeni ili njia ipatikane. Watu wa kazi hiyo hawatajwi redioni. Atatajwa aliyepita, hatatajwa aliyefungua.

Mwaka wao wa tatu, Asukulu alipopata nafasi, Wendell alimwambia, "Usiangalie watu, utaogopa. Angalia mgongo wangu. Nikiegemea kushoto, pita kulia." Asukulu akasema, "Mgongo wenyewe ndio ninaouona, ndugu, mwingine haupo. Umeziba uwanja mzima!" Wakacheka. Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Wendell akaanza kuja nyumbani kula sambusa za Apendeki. Alikuwa akiingia kwa ubavu ili mlango usilie, na akimaliza anaosha sahani yake na za wenzake. Apendeki alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana mwili wa ghala na roho ya njiwa."

Mwezi wa kumi wa mwaka huohuo, mechi moja ya mvua, Asukulu alikuwa ameshapita. Akateleza, akaanguka, mguu ukabanwa chini ya mtu. Mpinzani mmoja alikuwa amesharuka, anakuja na uzito wake wote juu ya goti la Asukulu. Si kwa ubaya, alisharuka tu, na aliyeruka hawezi kurudi. Wendell alikuwa mbali. Kazi yake ilikuwa imeisha, alishafungua njia, angeweza kusimama akatazama. Lakini aligeuka. Watu wakubwa namna ile hawakimbii, wenzangu, siku ile alikimbia. Akajitupa katikati. Goti lililovunjika likawa lake. Walisikia sauti kama kuni kavu.

Walimtoa uwanjani amelala kwenye machela, mvua inampiga usoni. Asukulu alikimbia pembeni ya machela ameshika ile kofia ngumu, anamkinga mvua. Madaktari wakasema huyu hatacheza tena.

Na kwa kuwa hakucheza mwaka wa nne, jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaoaga. Sheria ni sheria.

Mnaona? Huyo ni wa tatu.

Sasa ikafika siku ya Asukulu. Timu kubwa za kulipwa hazikumwita. Bega lake lilishachoka, na mwenyewe alijua. Mechi ile ikiisha hatabeba tena mpira, atakwenda kuwa muuguzi. Kwa hiyo kutembea kule katikati ya uwanja hakukuwa na siku nyingine.

Bi Loretta, mama mtu mzima aliyekuwa na karatasi ya majina, alimpigia simu mapema wiki ile. "Asukulu, unatoka na nani?"

"Nitakuambia kesho, Bi Loretta."

Kesho yake, "Nitakuambia kesho."

Na makosa ni ya Asukulu, kama ni makosa. Odell alipiga simu kutoka mbali, akasema, "Najua una mtu wako, lakini ningependa kuja." Asukulu akasema, "Karibu." Wendell akamwambia kwa utani, "Nitasimama pale handakini, ikitokea umekosa mtu." Asukulu akasema, "Karibu." Apendeki hakuuliza kitu. Aliomba ruhusa ya Jumamosi nzima kiwandani, ya kwanza katika miaka minne, akashona gauni jipya, akamwonyesha. Asukulu akasema, "Karibu, mama." Kwao, mtu akibisha hodi haambiwi nafasi imejaa. Analetewa kigoda, na kigoda kikikosekana mwenye nyumba husimama. Lakini Marekani walikuwa wameandika mtu mmoja.

Jumamosi wakakutana wote mlangoni mwa handaki. Apendeki aliombewa ruhusa na kocha afike hapo mlangoni tu, asivuke, isipokuwa awe ndiye mtu wa mchezaji. Kulikuwa na baridi ya kuuma. Nje majina yalishaanza kuitwa, na kila jina watu wanalipuka kwa makofi.

"Haya, mwanangu," akasema Bi Loretta, "mbele yako wamebaki wanne. Nani?"

Asukulu akaangalia viatu kama Wendell.

Odell akacheka kidogo. "Huyu anaweza kuwapita watu kumi na mmoja, lakini hawezi kumtaja mmoja."

"Asitaje," akasema Apendeki. "Mwana hataji. Tuseme wenyewe, kila mtu na lake, na tusikasirikiane." Asukulu ndiye aliyekuwa akiwatafsiria, maneno ya kila mtu yakipita mdomoni mwake, na hilo nalo lilikuwa adhabu.

Apendeki akasema, "Mimi sitaki kugombana na watoto. Lakini semeni ukweli, huo mpira alifundishwa na nani kuushika? Miaka minne nakaa kwenye gari. Nasikia watu wanapiga kelele, sijui ni za furaha au mwanangu amevunjika. Mpaka atoke, nimwone anatembea. Leo nataka nimwone kwenye nyasi zile, ameshika mkono wangu, na hakuna anayemrukia. Mara moja tu. Na viatu nimevaa vyote viwili."

Wendell akacheka mpaka fimbo aliyokuwa akitembelea tangu goti livunjike ikamponyoka. Odell akaiokota akampa.

Wendell akasema, akitazama fimbo, "Mama, mimi maneno sina. Mnajua nilivyotoka uwanjani. Nilitoka nimelala. Kitu cha mwisho nilichokiona pale ni mawingu na kofia ya Asukulu. Sidai goti. Hata leo ningegeuka. Ila nikilala naota bado niko kwenye machela. Nataka nitoke tena pale nikiwa nimesimama, hata kama ni kwa fimbo. Na jina langu halimo kwenye karatasi ya Bi Loretta, kwa hiyo mkono wa Asukulu ndio njia yangu. Mimi nimemfungulia njia nyingi. Namwomba anifungulie moja."

Bi Loretta akajifanya anasoma karatasi.

Odell akasema, "Wendell, ulikuwepo siku ile niliposema paja limekaza."

"Nilikuwepo. Tulikutania mpaka ukaondoka chuoni, tukakuita bibi kizee."

"Halikukaza."

Wendell akamtazama, kisha akamtazama Asukulu. Asukulu akaitikia kwa kichwa, machozi yameshafika.

"Halikukaza kitu," akasema Odell. "Sijawahi kumwambia mtu. Baba yangu alikaa na blanketi lake mpaka mwisho, akaniambia pole. Amekufa ananionea huruma kwa mguu mzima. Mimi nilishatembea pale, ni kweli, lakini nilitembea na uongo tayari kifuani, maana usiku uliopita nilishaamua. Nataka nitembee mara moja na ukweli. Watu wakiuliza huyu ni nani, waambiwe, huyu ndiye aliyempisha. Labda na mzee atasikia."

Apendeki alitafsiriwa hayo. Alivua skafu yake akamzungushia Odell shingoni, akamfunga vizuri kama mtoto anayekwenda shule. Odell naye alipiga goti chini, akamfunga Wendell kamba ya kiatu iliyofunguka, kwa sababu goti la Wendell halikunjiki na hakutaka kuomba. Wendell alikuwa amesogea kidogo kidogo mpaka amesimama pale upepo unapoingilia, amewakinga wote kwa mwili wake. Hakuna aliyetumwa. Ndivyo walivyokuwa.

Jina likaitwa. "Asukulu!"

Watu elfu ishirini wakapiga makofi. Asukulu hakusogea. Mkono mmoja una mpira, mkono mmoja uko wazi.

Hapo Apendeki akafungua mkoba wake. Akatoa mbeleko. Vifaranga vilishapauka, njano imekuwa kama maziwa, lakini kitambaa kizima. Alikuja nacho ili ajifunge mabegani siku ya mwanawe. Akamvuta Asukulu, akamnyang'anya mpira, akauweka kifuani pake, akazungusha kitenge, akafunga fundo kwa vile vidole vyake vigumu. Fundo lilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.

"Haya," akasema. "Mpira haudondoki. Sasa una mikono miwili."

Wote wakamgeukia Bi Loretta. Bi Loretta akasoma karatasi yake, akaigeuza, akasoma nyuma. Kisha akapangusa miwani.

"Imeandikwa mkono mmoja mpira, mkono mmoja mtu," akasema. "Mpira haupo mkononi. Kwa hiyo mikono miwili, watu wawili. Mpira ufungwe wapi, hawakuandika. Wa tatu hapana, wanangu. Hapo siwezi, watanifukuza."

Jina likaitwa mara ya pili. "Asukulu!"

"Basi nendeni wewe na Wendell, mama," akasema Odell. "Mimi nilishaushika mkono wa baba yangu pale. Hata kama ulikuwa uongo, mkono ulikuwa mkono."

"Nendeni wewe na mama, Odell," akasema Wendell. "Mimi natembea kama kobe, nitawachelewesha watu kama wale shangazi kumi na wanne."

"Nendeni nyinyi vijana," akasema Apendeki. "Mbeleko yangu imeshatangulia. Na mimi nyasi zile nilishazikanyaga, mnajua wenyewe."

Lakini aliposema hayo alikuwa analainisha gauni lake jipya kwa mikono, juu mpaka chini, juu mpaka chini, na macho yalikuwa kwenye ule mwanga wa mlangoni. Odell alikuwa ameshika ncha ya skafu asiiachie. Na Wendell, sikilizeni, Wendell alikuwa ameegemeza fimbo ukutani, anajaribu kusimama bila fimbo, mtu asimwone.

Aliyetoa mbeleko ndiye aliyeleta mkono wa pili. Je, si haki mmoja kati ya hiyo miwili uwe wake? Lakini akiuchukua, vijana wawili wanabaki na mkono mmoja, na mmoja wao ataachwa mlangoni: yule aliyetolewa amelala, au yule ambaye baba yake hakujua. Na asipouchukua, vijana wote wawili watatoka, na mama atabaki kusikiliza kelele kutoka nje, kama miaka yote minne, ila safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Jina likaitwa mara ya tatu. Asukulu amesimama kwenye mwanga, mpira umelala kifuani mwake ndani ya vifaranga vya njano, mikono yote miwili ameinyoosha nyuma kuelekea gizani, kwa wale watatu. Hageuki. Amefumba macho. Anasubiri ahisi ni vidole vya nani.

Nami nimeishia hapo, sina zaidi. Nimeiwaza hadithi hii nikiosha vyombo, nimeiwaza nikimbembeleza mtoto, kila siku nampa mtu mwingine na kesho yake nambadilisha. Semeni nyinyi. Mikono ni miwili, watu ni watatu, na watu elfu ishirini wanangoja kusimama.

Je, ni nani na nani waliostahili kushikwa mkono, na nani alistahili kubaki mlangoni?